JOGOO ROAD NI YA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika karatasi hii tumezoea kusema habari za mishahara, zamu, nyumba na malipo ya uzeeni. Leo twataka kusema habari za barabara. Labda mmoja wenu atauliza, "Barabara ina nini na chama?" Twamjibu hivi. Siku ya kazi haianzi langoni pa karakana. Yaanza pale mtu afungapo mlango wa nyumba yake saa kumi na moja alfajiri. Akigongwa na motokaa kabla hajafika, nyongeza ya mshahara tuliyompigania haimfai kitu.

Barabara tunayoitaja ni Jogoo Road, ile itokayo karibu na uwanja wa Joe Kadenge, ambao wengi bado wauita City Stadium, mpaka Donholm kwenye Outer Ring Road. Ni kama kilomita 5. Kila mtu wa Eastlands aijua, na wengi wetu twaijua kwa nyayo za miguu yetu.

Maoni yetu ni haya. Jogoo Road itengenezwe upya iwe barabara ya mtaa, isiwe mfereji wa kupitisha motokaa tu. Iwe na njia pana za miguu, miti ya kivuli, vivuko vya salama, taa, na nafasi ya mabasi. Watu wa Ulaya barabara ya namna hiyo huiita bulevadi. Jina si kitu, kazi ndiyo kitu. Na pili, wachuuzi na mafundi wanaopata riziki kandokando yake wawe ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Mambo haya mawili ni lazima yaende pamoja. Barabara nzuri iliyofukuza watu wake itakuwa nzuri kwa nani?

ILIKOTOKA

Reli ilifika hapa Nairobi mwezi wa Mei, 1899. Mji haukuwako, reli ndiyo iliyouleta. Basi baba zetu na babu zetu waliokuja kufanya kazi ya reli na ya mji wakawekwa upande wa mashariki, ng'ambo ya karakana: Muthurwa, Shauri Moyo, Makongeni. Katika miaka ya 1940 ikajengwa Kaloleni. Baadaye Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem, na katika miaka ya 1970 Buruburu. Barabara iliyounganisha mitaa hiyo na mji iliitwa Doonholm Road. Tulipopata Uhuru ikaitwa Jogoo Road.

Mnamo 1948 palichapishwa mpango mkubwa wa mji wa Nairobi. Waliouandika walisema mitaa ipangwe kama vijiji, kila kimoja na shule yake, maduka yake na uwanja wake wa wazi, na barabara kubwa zipite kando. Neno hilo kwa karatasi lilikuwa zuri. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa kwa kweli. Huko mjini Delamere Avenue, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, ilikuwa na miti katikati, na nafasi ya mtu kutembea bila haraka. Wenye mji walitembea huko. Huku kwetu barabara ilikuwa ya kuleta mikono kazini asubuhi na kuirudisha jioni. Mkono hauhitaji kivuli wala kiti cha kupumzikia. Ndivyo walivyofikiri.

Sasa Uhuru ni wa tangu 1963. Jina la barabara lilibadilika zamani. Lile wazo la kwamba barabara ya Eastlands ni ya kupitia tu, hilo halijabadilika. Lami iliongezwa, njia za motokaa zikawa mbili mbili kila upande, na kila mara palipotakiwa nafasi zaidi, ilichukuliwa kwa mtu wa miguu.

ILIVYO SASA

Simameni kando ya Jogoo Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtazame. Watu wanatoka Maringo, Jericho, Hamza na Mbotela, wanateremka kwa mamia. Wengine wanakwenda mjini, wengine Gikomba, wengine Industrial Area. Njia ya miguu ipo kwa vipande. Unatembea juu ya saruji hatua mia, halafu saruji inakwisha, unaingia kwenye vumbi, au kwenye matope kama ni mwezi wa Aprili. Mbele kidogo pana motokaa iliyoegeshwa juu ya njia. Unashuka barabarani kuizunguka, na hapo nyuma yako bodaboda inakuja mbio. Mtaro uliopoteza mfuniko umekaa wazi, ukimngoja yule atakayepita usiku.

Ukitaka kuvuka, unangoja. Unangoja tena. Mwishowe watu ishirini wanajikusanya, mmoja mwenye moyo anainua mkono, wote wanakimbia. Mama mwenye mtoto mgongoni anakimbia. Mzee mwenye fimbo anakimbia kadiri awezavyo. Watoto wa shule wanashikana mikono na kukimbia. Je, ndugu, mahali gani pengine mtu hulazimika kukimbia kila siku ili asife, na watu wakaona ni jambo la kawaida?

Hesabu zilizofanywa za safari za Nairobi zimeonyesha ya kwamba katika kila watu 10, 4 au zaidi huenda kwa miguu. Waliobaki wengi hupanda matatu na mabasi. Wenye kusafiri kwa motokaa zao wenyewe hawafiki 2 katika 10. Nao wapandao matatu, je, hawatembei? Hutembea mpaka steji, na kutoka steji. Basi karibu kila mtu wa mji huu ni mtu wa miguu, lakini barabara imepimwa kwa kipimo cha yule wa motokaa.

Tena kuna hesabu ya vifo. Mwaka 2024, kwa hesabu za NTSA, watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa ni wale waliokuwa wakienda kwa miguu. Hawakuwa wamelewa usukani, maana hawakuwa na usukani.

SISI WATU WA RELI TWAJUA JAMBO HILI

Kazi yetu imetufundisha mambo fulani juu ya vyombo vizito na mwili wa mtu. Dereva wa treni ajua ya kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, bali huwa mara nne. Ni vivyo hivyo kwa motokaa. Iendayo kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne kuliko iendayo 30. Aliyegongwa na ile ya 30 mara nyingi huinuka akiwa na mguu uliovunjika. Aliyegongwa na ile ya 60 mara nyingi haamki. Sheria ya Kenya inasema 50 ndani ya mji, lakini bango la sheria halishiki breki. Barabara ikiwa pana na imenyooka, dereva hukanyaga mafuta. Ikiwa na miti karibu, na kivuko kilichoinuliwa, na kona zilizobanwa, mguu wake hulegea wenyewe bila askari.

Jambo la pili. Katika reli, palipo na abiria hujengwa jukwaa. Hatumwambii abiria, "Simama katikati ya mataruma, ukiona treni ruka." Abiria akiumia kwa sababu jukwaa limebomoka, watu huuliza nani alipaswa kulitengeneza. Lakini mtu akigongwa Jogoo Road, twasikia maneno haya: "Alivuka mahali pasipo pa kuvukia." Twauliza, mahali pa kuvukia pako wapi? Kama steji iko hapa, na soko liko ng'ambo, na kivuko kiko mwendo wa dakika kumi, basi aliyekosa ni yule aliyepanga barabara.

Wako wanaosema dawa ni madaraja ya juu. Tumeyaona. Thika Road ilipomalizika mwaka 2012 ilikuwa na njia nane za motokaa na zaidi, na watu wa kando yake wakajikuta wametengwa na jirani zao. Pale palipokuwa hapana daraja watu walikufa wakivuka, na matuta yakawekwa katikati ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya mbio. Daraja la juu lina kazi yake. Juu ya reli hapana budi liwepo, au njia ya chini, kwa kuwa treni haiwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtu. Twasema hivyo tukiwa tunajua uzito wa mabehewa. Lakini motokaa yaweza kusimama! Ina breki, ina dereva, na taa nyekundu aiona. Kwa nini basi mama mwenye gunia la viazi apande ngazi na kushuka ngazi, ili mtu aliyeketi kwenye kiti laini asipoteze nusu dakika? Na yule mwenye kiti cha magurudumu, naye atafanyaje?

NJIA YA KWENDA JERICHO

Wale waliosoma katika shule za misheni wanakumbuka habari ya mtu aliyeteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapigwa na kuachwa kando ya njia karibu ya kufa. Kwetu Eastlands habari hiyo si ya mbali, maana tunayo Jerusalem na tunayo Jericho, na barabara ni hii hii. Watu wakubwa wawili walimwona yule mtu, wakapita upande mwingine. Siku hizi wakubwa wanapita wakiwa na vioo vimefungwa.

Lakini kuna neno ambalo mwalimu hakutuambia. Msamaria alimfunga jeraha mtu mmoja, na alifanya vyema. Kama kila siku anapigwa mtu mwingine mahali pale pale, mafuta na divai havitatosha. Yapasa njia yenyewe itengenezwe. Chama chetu kimechanga mara nyingi kwa ajili ya mazishi na hospitali. Tutaendelea kuchanga. Lakini twataka pia kuuliza kwa nini mchango hauishi.

MAMBO YALIYOFANYIKA KWINGINE

Mtu asiseme kwamba jambo hili haliwezekani. Hapa hapa Nairobi limefanyika kwa sehemu. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, iliyokuwa imesongamana mpaka mtu hana pa kuweka mguu, ilitengenezwa upya kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat. Motokaa zikafanywa ziende upande mmoja tu, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa na viti vikawekwa. Katika miaka ya 2020 na 2021 Wabera Street, Muindi Mbingu Street na Kenyatta Avenue zilipata njia za miguu na za baiskeli. Nafasi zilizokuwa za kuegesha motokaa zikarudishwa kwa watu.

Ni jambo jema, nasi hatuna wivu nalo. Lakini angalieni ramani. Yote hayo ni katikati ya mji. Anayetoka Bahati kwa miguu anapata matope mpaka anapokaribia mjini, ndipo anapata mawe mazuri ya kupangwa. Uzuri umeanzia mwisho wa safari yake.

Huko Marekani, katika jimbo la California, uko mji wa Lancaster, kaskazini ya Los Angeles, mahali penye jangwa. Barabara yao kuu ya maduka ilikuwa na njia tano za motokaa, na maduka yalikuwa yakidhoofika, kwa maana hakuna anayependa kununua mahali ambapo motokaa zinavuma kama upepo. Mwaka 2010 waliibadilisha, sehemu ya mitaa tisa. Njia za motokaa zikabaki mbili, moja kila upande. Katikati wakapanda miti mingi na kuweka uwanja mrefu, ambao siku nyingine huegeshwa motokaa na siku ya soko huwekwa meza za wakulima. Ajali zikapungua, maduka mapya yakafunguliwa, na mwaka 2012 serikali yao ikaupa mji huo tuzo kwa kazi hiyo. Sisi si watu wa Lancaster, na wao hawana matatu. Lakini somo ni moja: motokaa zikienda pole pole, mtu wa miguu husimama, na mtu aliyesimama ndiye anayenunua.

WACHUUZI NI NDUGU ZETU

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize kwa makini, ndugu, kwa sababu ndipo mipango mingi inapoharibika.

Barabara ikitaka kupambwa, jambo la kwanza linalofanyika ni kufukuza watu. Askari wa kanjo huja alfajiri, vibanda huvunjwa, nyanya hukanyagwa. Kisha hupandwa maua. Mwezi wa pili wachuuzi wamerudi, kwa sababu tumbo halingoji mpango, na maua hukanyagwa pia. Hasara imekuwa mara mbili.

Soko la Muthurwa ni ushuhuda. Lilijengwa jirani na nyumba za zamani za reli, likafunguliwa mwaka 2008, ili wachuuzi watoke katikati ya mji. Wengi waliingia. Baadaye wengi wakarudi mitaani. Si kwa ukaidi. Mchuuzi humfuata mtu anayepita. Huwezi kumwambia mvuvi ahamie mahali pasipo na samaki kwa sababu pana paa zuri.

Wako wanachama wetu wanaolalamika, nao wana haki, kwamba vibanda vimeziba njia ya miguu mpaka mtu anashuka barabarani. Ni kweli. Lakini tuulize kwa nini kibanda kimekaa juu ya njia. Ni kwa sababu waliochora barabara walichora njia za motokaa, wakachora mtaro, wakasahau kwamba mama mboga yupo. Angechorewa nafasi yake, mita mbili nyuma ya njia ya miguu, yenye paa dogo, maji na mahali pa takataka, asingeziba njia ya mtu. Naye angelipa ushuru wake kwa amani na kupewa stakabadhi, badala ya kumtilia mtu mkononi kila asubuhi.

Tena tusisahau huyu mchuuzi ni nani. Ni mke wa fundi wetu. Ni kijana wetu aliyemaliza shule akakosa kazi. Ni mzee wa reli aliyestaafu, ambaye malipo yake ya uzeeni hayatoshi. Mshahara wa mwezi ukiisha tarehe ishirini, ni yeye anayetukopesha sukuma wiki mpaka mwisho wa mwezi. Hapana benki ifanyayo hivyo. Basi chama cha wafanya kazi kikidai barabara safi na kumwacha yeye afukuzwe, kitakuwa kimejikata mkono wake chenyewe.

FEDHA ZIKO WAPI?

Tutaambiwa hakuna fedha. Tujibu kwa maandishi yao wenyewe. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri wa miguu na baiskeli. Sera hiyo yasema angalau asilimia 20 ya fedha za kujenga barabara itumike kwa watu wa miguu na wa baiskeli. Hatuombi sadaka. Twaomba waliyoandika wayatende. Kila bajeti ya barabara isomwapo, mtu asimame aulize: ile 20 iko wapi?

Na fedha nyingine zimo mifukoni mwetu, zinapotea. Tuseme mtu analipa matatu shilingi 60 asubuhi na 60 jioni, kwa siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 3,120 kwa mwezi. Yuko mtu ambaye kazi yake iko mwendo wa nusu saa tu, angeweza kutembea au kwenda kwa baiskeli, lakini aogopa barabara, basi hulipa. Barabara ya salama ni kama nyongeza ya mshahara, nayo haiwezi kukatwa kodi.

Watasema pia ya kwamba njia za motokaa zikipunguzwa patakuwa na msongamano. Msongamano uko tayari! Motokaa moja yenye mtu mmoja hula nafasi karibu sawa na matatu ya watu 14. Ukiwapa mabasi na matatu njia yao, watu wengi watapita mahali pale pale. Lakini njia hiyo ijengwe kweli. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulipakwa Thika Road, ikasemwa ni njia ya mabasi makubwa. Rangi haikuendesha basi hata moja. Katika reli hatupaki rangi ardhini tukasema hii ni njia. Twaweka mataruma na chuma.

MADAI YETU

Twataka mambo yafuatayo yaandikwe katika mpango wowote wa Jogoo Road:

(1) Njia ya miguu pande zote mbili, isiyokatika tangu mwanzo mpaka mwisho, pana kiasi cha mita 3, ngumu na sawa, yenye vizuizi ili motokaa isipande juu yake.

(2) Vivuko vya ardhini, vilivyoinuliwa na vyenye taa, kila penye steji, shule, kanisa, msikiti na soko. Mtu asitembee zaidi ya dakika mbili kutafuta pa kuvukia.

(3) Mwendo wa motokaa usizidi kilomita 30 penye masoko na shule, na barabara yenyewe ijengwe kwa namna ya kuulazimisha mwendo huo.

(4) Njia ya baiskeli na ya mikokoteni, iliyotengwa kwa ukingo wa saruji.

(5) Njia ya mabasi na matatu, na steji zenye paa na viti. Bodaboda nao wapewe mahali pao pa kungojea, maana nao ni wafanya kazi.

(6) Miti ya kivuli kila upande na katikati, mitaro iliyofunikwa, vyoo vya watu wote, na taa zinazowaka usiku kucha. Wake zetu na dada zetu wanaotoka zamu ya usiku wasipite gizani.

(7) Wachuuzi na mafundi wote wahesabiwe kabla jembe halijagusa ardhi. Kila aliyehesabiwa apewe nafasi katika barabara hiyo hiyo, na wakati wa kazi apewe mahali pa muda karibu. Asije mtu mpya mwenye mjomba ofisini akachukua kibanda cha mama aliyekaa hapo miaka ishirini.

(8) Njia ya miguu yenye taa kutoka Jogoo Road mpaka stesheni ya Makadara, na vivuko vya salama vya reli kuelekea Industrial Area. Watu wanaovuka mataruma kila asubuhi hawafanyi mchezo. Wamekosa njia nyingine. Dereva wetu anayepiga honi na kufumba macho, yeye naye huenda nyumbani akiwa na jambo moyoni.

(9) Wapangaji wa mitaa ya kando walindwe. Barabara ikipendeza, wenye nyumba watataka kupandisha kodi, na wenye fedha watataka viwanja. Yafaa jambo hili lisemwe mapema, lisingoje mpaka watu wametupiwa vitanda nje.

KAZI YA KILA MWANACHAMA

Katiba ya 2010 inawapa watu haki ya kushirikishwa katika mambo ya serikali. Mikutano ya maoni huitwa, mara nyingi siku ya kazi, saa nne asubuhi, na tangazo hutolewa katika gazeti ambalo wengi hawanunui. Wanaofika ni wenye viwanja na mawakili wao. Kisha huandikwa, "Wananchi walikubali." Basi twaomba kila tawi lichague watu wawili, mmoja wa zamu ya mchana na mmoja wa usiku, ili mmoja awe na nafasi ya kwenda kila mkutano unapoitwa. Waende na madai haya mkononi, waombe yaandikwe, na wasitoke mpaka wameona yameandikwa.

Tena kuna kazi ndogo ambayo kila mmoja aweza kuifanya juma hili. Katika reli kila kasoro ya njia huandikwa: mahali gani, saa ngapi, imeonwa na nani. Tufanye vivyo hivyo kwa Jogoo Road. Andika mahali unapovukia. Andika mtaro ulio wazi, taa isiyowaka, mahali palipogongwa mtu na siku aliyogongwa. Mpe karani wa tawi lako. Kwa miezi mitatu tutakuwa na daftari ambalo hakuna injinia atakayeweza kusema hakulijua. Neno la mdomo hukanushwa. Daftari lina tarehe.

Wachuuzi wa Burma na wa soko la Jogoo Road, watu wa matatu, walimu, na wazee wa mitaa, twataka kukaa nao meza moja. Tukienda mmoja mmoja tutagawanywa: mtu wa miguu ataambiwa adui yake ni mchuuzi, na mchuuzi ataambiwa adui yake ni matatu. Adui si hao. Ni ule mpango wa zamani uliosema Eastlands ni mahali pa kulala tu watu wa kazi, na barabara yake ni ya kuwapitisha.

Babu zetu waliweka reli kutoka Mombasa kwa mikono, taruma baada ya taruma. Hatuombi jambo kubwa kama hilo. Twaomba kilomita 5 ambazo mtoto aweza kuzivuka bila kukimbia.

Madaftari yapatikana kwa makarani wa matawi. Chukua lako kabla ya Jumamosi.

Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu wa reli, Nairobi.